Wauza farmasi, muulize kwanza kabla ya kuuzia mama kopo la maziwa

Bwana Mhariri,

Unipatie nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee juu ya makopo ya maziwa ya watoto, sababu hapa Lubumbashi hii mambo imekuwa ya kubahatisha na wenye kulipa ni wamama na watoto. Mimi si muganga wala nesi, mimi ni mama wa biashara, navuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa naleta bidhaa, na kati ya vitu vyenye watu wananiagiza kuko maziwa ya kopo. Basi telefone inajaa picha kwa watsapu, mama naomba hii, mama ile ya mtoto mwenye kutapika iko bei gani, mama wameniambia mtoto hapatani na maziwa uniletee kopo yenye haina maziwa. Nimesoma maandishi ya nyuma ya makopo mpaka macho yanauma, yale ya Afrika ya Kusini kwa kiingereza na yale ya Ulaya kwa kifaransa, nimesumbua madokta na manesi kwa maulizo, na mjukuu wangu mwenyewe alipita mu hiyo njia, njo maana nathubutu kuandika.

Neno langu ni moja tu. Mtoto akikataa maziwa, kabla ya kusema nimpe kopo gani, mujue kwanza ni kitu gani ndani ya maziwa chenye kinamkatalia. Sababu maziwa ya ng'ombe iko na vitu viwili vyenye watu wanachanganya kila siku, kuko sukari yake yenye inaitwa laktozi, na kuko protini zake. Tumbo likishindwa kumeng'enya laktozi mtoto anajaa gesi, tumbo linanguruma, anahara maji maji na matako yanawaka. Hiyo ni shida ya tumbo. Lakini aleji ya protini ni mwili wenyewe wenye unapigana na maziwa, na hapo utaona mambo mengine, upele, ngozi inakauka na kuwasha mashavuni na mu mikunjo, kutapika sana, makamasi na nyuzi za damu mu choo, mtoto anakunywa lakini kilo haipandi. Shida mbili tofauti, na kila moja na kopo lake, ila ukifika farmasi ukasema tu "mtoto hapatani na maziwa" utapewa tu ile ya sans lactose, maana yake bila laktozi, sababu njo yenye iko kwenye etajere (rafu) na njo yenye muuzaji anajua jina.

Sasa musikie vizuri. Kopo ya sans lactose, kama vile AL 110, wametoa laktozi tu, protini za ng'ombe zimebaki ndani. Mtoto wa aleji ya protini ukimpa hiyo unamrudishia adui yule yule, na umelipa zaidi.

Na kuko jambo lingine lenye dokta mmoja alinieleza nikabaki mdomo wazi. Maziwa ya mama ina laktozi nyingi kuliko ya ng'ombe! Karibu gramu 7 kwa mililita 100, ya ng'ombe haifiki 5. Sasa mtoto amenyonya miezi mitatu akanenepa vizuri, siku umempa kopo akaanza kutoa damu, utasemaje laktozi njo mbaya wakati amekunywa laktozi ya mama yake tangu kuzaliwa na hakuwa na neno? Watoto wenye kuzaliwa bila uwezo wa laktozi kabisa wapo, lakini ni wachache sana duniani, na hao wanaugua tangu siku za kwanza kwenye titi. Kwa watoto wetu laktozi inasumbua mara nyingi nyuma ya kuhara kukali, utumbo umechubuka, halafu utumbo ukipona nayo inapita, ni mambo ya wiki chache. Hapo unaendelea kunyonyesha, unampa maji ya SRO (ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 20 kwa mwenye kupita hapo, siku 10 mpaka 14. Zinki ni bei ndogo na kituo cha afya wako nayo, lakini nani atakuambia hivyo wakati kuko kopo la kuuza?

Mjukuu wangu mama yake alirudi kazini mapema, wakaanza kopo la kawaida mchana na titi usiku. Haikukawia, pampasi ikaanza kuwa na makamasi yenye nyuzi nyekundu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na mashavu yakawa makavu mpaka yanapasuka. Binti wa farmasi moja akasema ni meno. Meno, mtoto wa miezi minne! Akampa sans lactose. Ikashindwa, akampa yenye imeandikwa HA. Halafu ile ya AR yenye inakuwa nzito kama uji, sababu mtoto alikuwa anatapika. Kila kopo na bei yake, na kila mara anasema mungoje itazoea. Kufika kwa dokta wa watoto, yule mzee hakutazama makopo kwanza, alisema mufungue pampasi, akaitazama karibu na dirisha, akauliza anakunywa nini, tangu lini, na shida ilianza siku ngapi nyuma ya kopo la kwanza, halafu akaomba karatasi ya kupima kilo akafuata ile mstari na kidole mpaka pale ilipoanza kulala. Dakika chache tu za maulizo, na yule binti wa farmasi angeweza kuuliza nusu yake bila kusoma udaktari.

Hiyo HA, yaani hypoallergénique, inadanganya watu wengi kwa hiyo niieleze. Protini ya maziwa ni kama jani la sombe (kisamvu). Mwili wa mtoto wa aleji ukiona jani unalitambua unaanza vita. Kopo ya HA wametwanga kidogo tu, vipande vya jani bado vinaonekana, ilitengenezwa kwa mambo mengine, si ya kutibu mtoto mwenye aleji tayari. Yenye inamfaa ni ile wametwanga mpaka jani halijulikani tena, kwa kifaransa kopo inaandika "hydrolysat poussé", majina yake kuko Nutramigen, Althéra, Alfaré, Pepticate na mengine. Watoto wengi wenye aleji wanatulia na hizo. Wachache wanakataa hata hiyo, ama walikuja wagonjwa sana, hao wanahitaji ile ya asidi amino tupu, kama Neocate ao Alfamino, na hiyo usiniambie nikuletee bila dokta, ni bei ya kuuza ng'ombe. Wafaransa wako pia na makopo ya protini ya mchele iliyokatwa hivyo hivyo, ni maziwa kamili ya mtoto, musichanganye na maji ya wali yenye kambo (bibi) anachemsha nyumbani, yale hayana protini ya kutosha wala mafuta, mtoto atashiba tumbo na kukonda mwili.

Mbuzi pia. Kila wiki kuko mtu ananiuliza kama maziwa ya mbuzi si mazuri kwa mtoto wa aleji. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana sana, zaidi ya watoto 9 kwa 10 wenye aleji ya ng'ombe wanakataa na ya mbuzi. Tena haina folati ya kutosha, damu ya mtoto itapunguka.

Soja nayo. Kopo za soja kama Infasoy na Isomil ni maziwa ya watoto kweli, na zinapatikana ngambo bila shida, lakini madokta wa watoto wa Ulaya wanasema si chaguo la chini ya miezi 6, na kuko watoto wa aleji ya maziwa wenye wanakataa soja pia. Baada ya miezi 6, dokta akikubali, inaweza kusaidia familia yenye haina uwezo wa ile ya bei kali. Ila maziwa ya soja ya kuchemsha nyumbani ao uji wa masoso (unga wa mahindi, soja na mtama) si kopo la soja! Masoso ni chakula kizuri cha mtoto mwenye ameanza kula, si ya kuweka mu biberoni ya mtoto wa miezi miwili. Na Nido, yale maziwa ya unga ya kawaida, tuiache kwa chai ya wakubwa, ile haikutengenezwa kwa mtoto wa chini ya mwaka, hata mwenye hana aleji yoyote.

Nirudi kwa ile dokta wa mjukuu wangu alisema, sababu wengi wanasahau na mimi naona njo kitu kikubwa kuliko makopo yote. Mama wa mtoto bado alikuwa na maziwa. Dokta alimwambia arudishe titi kadiri anavyoweza, akamue ya mchana aache nyumbani, na kopo ya hydrolysat poussé iwe ya kujazia tu. Na yeye mwenyewe mama aache maziwa kwa chakula chake, kwa sababu kidogo cha protini ya ng'ombe kinapita mu titi, kwa watoto wachache hicho kidogo kinatosha kuwasumbua. Si kuacha titi, ni kuacha chai ya maziwa, yaurti, fromaji, biskiti na mikate yenye maziwa ndani, wiki 2 mpaka 4 kuona kama mtoto anatulia. Wamama wengine wameambiwa maziwa yao ni mabaya, waache kabisa kunyonyesha, na hilo ni kosa linaloniumiza roho, sababu maziwa yakikauka kuyarudisha ni kazi na kopo ile itakula mshahara wote. Akiacha maziwa muda mrefu mama naye atafute kalsiamu, kama dokta hakumpa vidonge basi ndakala (dagaa) akule na mifupa yake na lenga-lenga (mchicha), hapa kwetu havikosi.

Kuhusu pesa mupige hesabu kabla, mimi ni mchuuzi, hesabu naijua. Mtoto wa kilo 5 asiyenyonya anakunywa kama mililita 750 kwa siku, na kila mililita 100 inakula unga karibu gramu 13. Kopo la gramu 400 linaisha kwa siku nne. Mwezi mmoja ni makopo saba na kitu. Sasa kopo ya aleji ni mara kadhaa ya bei ya kawaida. Mtu ananunua moja kwa furaha, anapeleka nyumbani, wiki haijaisha ameshaanza kuongeza maji ili unga ukae. Njo pale mtoto anakuwa mwekundu nywele na miguu inavimba, wanasema amerogwa na jirani. Kama makopo ya miezi haionekani mu mfuko, museme kwa dokta wazi wazi siku ya kwanza, kuliko kuficha haya, kuko njia ya kupanga na titi, na soja kwa mwenye umri, na chakula kwa mwenye kupita miezi 6. Haya haijazi tumbo.

Kijiko pia kinaleta balaa. Makopo mengi ya Ulaya ni kijiko kimoja cha kusawazisha kwa mililita 30 za maji, lakini kuko makopo mengine yenye kijiko kikubwa, kimoja kwa mililita 60 za maji, basi mtu akitoka kopo moja kwenda nyingine na kijiko cha zamani, mtoto anakunywa maji ama anakunywa unga mzito wa kumfungia choo. Kijiko kikae na kopo lake. Unatia maji kwanza, unga nyuma. Na unga wa kopo hauko bila vijidudu hata likiwa jipya limefungwa, ndiyo sababu OMS (Shirika la Afya Duniani) tangu 2007 inasema maji yachemke, usiyaache yapoe zaidi ya dakika 30, yakikutana na unga yawe bado na digri 70 ama zaidi, halafu unapoza biberoni mu maji baridi kabla ya kumpa. Kwa hizi siku SNEL, kampuni ya umeme, inakata tunachemsha na makala (mkaa), najua ni mateso, wengi wanachemsha asubuhi wanaweka mu termosi, sawa lakini termosi ya zamani saa sita mchana maji ni vuguvugu tu. Na biberoni yenye imebaki zaidi ya saa 2 itupwe, hata kama roho inauma.

Ile kopo ya hydrolysat ni chungu na inanuka, nawaambia mapema musije mukanirudishia mukisema imeoza. Choo nacho kinaweza kuwa cha kijani, musishtuke. Mtoto mudogo wa miezi miwili mitatu anaizoea upesi, mkubwa anaweza kuipigania. Na isipimwe kwa siku mbili. Mupatie wiki 2 mpaka 4. Halafu, na hapa watu wanakasirika, dokta anaweza kusema sasa tumrudishie kidogo maziwa ya kawaida tuone. Anataka kuhakikisha, sababu kuko watoto walitulia kwa sababu muda wao wa kulia ulipita tu, na wangeendelea kulipiwa kopo la bei kali mwaka mzima bure. Ila hilo jaribio kwa mtoto mwenye alivimba ama alipata upele wa haraka lifanyike hospitali, si jikoni. Ikihakikishwa ni aleji, mtoto anakaa na kopo yake angalau miezi 6 ama mpaka afike miezi 9 hadi 12, halafu wanajaribu tena. Watoto wengi inawaachia kabla ya kuanza shule.

Tena si kila kilio ni aleji. Watoto wanalia sana, na kilio kinapanda mpaka kama wiki ya sita ndio kinaanza kushuka. Kucheua maziwa kidogo nyuma ya kunyonya, mtoto anacheka na kilo inapanda, ni kufua nguo tu, hakuna kopo ya kutibu hiyo. Wenye kukimbizwa hospitali ni wengine. Mtoto akikunywa maziwa na mu dakika chache mpaka saa mbili midomo inavimba, vipele vinatoka mwili mzima, anatapika mfululizo, anahema kwa taabu ao analegea, pale usinitumie picha kwa watsapu Bwana, chukua teksi uende hospitali saa ile ile.

Sasa maombi yangu. Kwa wenye farmasi wa mitaa yetu ya Kenya (si ile nchi), Katuba, Kamalondo, mjini na kwingine, mama akija na shida hii mumuulize vitu viwili kabla ya kunyoosha mkono kwenye etajere: mtoto ananyonya bado? na shida inakuja upesi nyuma ya maziwa, ao kuko damu, upele, kilo kutopanda? Kama kuko hata alama moja ya hizo, mumupeleke kwa dokta, hamtafilisika. Mimi mwenyewe nauza, nikinyamaza faida yangu inaongezeka, lakini siwezi.

Na kwa wakubwa wa afya wa hapa jimboni Haut-Katanga. Tangu 1981 dunia iko na Kanuni ya OMS juu ya biashara ya maziwa ya kopo, na inasema maandishi ya kopo yawe kwa lugha yenye kufaa, yenye mnunuzi anaelewa, na yaseme wazi uzuri wa kunyonyesha. Katiba yetu ya 2006 inaweka kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Sasa mutembee mu etajere za Lubumbashi munionyeshe kopo moja lenye kijiko na maji vimeandikwa kwa kiswahili. Kiwanda cha Ulaya hakitatuandikia kesho, sawa, lakini karatasi ya kubandika kwenye ukuta wa farmasi inashinda nani? Vijiko vingapi, maji ya namna gani, kopo hii ina protini za ng'ombe ao haina. Herufi kubwa. Ata kambo mwenye kubaki na mtoto mchana asome, sababu njo yeye anatengeneza biberoni, si mama mwenye kuwa ofisini.

Wewe Bwana Mhariri, kama kuko dokta wa watoto anasoma gazeti lako, umuombe aandike hiyo karatasi, kurasa moja tu inatosha, muichape mahali mtu anaweza kuikata na mkasi. Mimi nitatoa fotokopi kwa pesa zangu na nitaibandika kwenye kila karto ya maziwa ninayovusha.

Na wateja wangu, kuanzia sasa kopo ya aleji ninaleta kwa karatasi ya dokta tu. Mutume picha ya hiyo ordonansi (karatasi ya dokta) pamoja na picha ya kopo, na mukipokea mutazame tarehe na kifuniko cha ndani mbele yangu, kule mpakani mizigo inashinda juani na kopo lililofungukia njiani sitaki lifike kwa mtoto wa mtu.

Mama mchuuzi,
Katuba, Lubumbashi